Kura ya Kumi na Tatu

Alby Pascoe hakuwa na mama wa kumkumbuka. Hakuwa na meno mawili ya mbele, yaliyong'oka kwa ngumi za wenzake shuleni kwa sababu ya jambo alilofanya baba yake kabla yeye hajazaliwa. Hakuwa na sauti ya kuimba, hakuwa na bahati na farasi, hakuwa na ulimi wa kujitetea. Hakuwa na kadi ya chama cha wafanyakazi mpaka alipotimiza miaka ishirini, na hata alipoipata hakuwa na mtu wa kukaa naye mezani. Alichokuwa nacho ni mgongo. Nimefanya kazi na wakata manyoya ya kondoo tangu nikiwa na miaka kumi na sita, na sijaona mgongo mwingine kama ule.

Baba yake, Josiah Pascoe, alivunja mgomo. Mwaka wa elfu moja mia nane tisini na moja, wakata manyoya walipoweka mikasi chini na viongozi wao wakatupwa jela, Josiah aliingia banda la kukatia manyoya la shamba la Mulgarra akilindwa na polisi wenye bunduki, akakata kondoo msimu mzima. Kwetu Korrabin mtu anaweza kuua, akatumikia kifungo chake, akarudi akauziwa bia. Mvunja mgomo hauziwi. Mwanawe naye hauziwi.

Mimi nilikuwa mmoja wa waliomchukia Alby. Naliandika hilo mapema ili msomaji asidhani kwamba natafuta sifa hapa.

Tulijiandikisha jeshini mwaka wa kumi na tano wa karne hii, wanaume thelathini na wanne kutoka Korrabin, tukapangwa kikosi kimoja. Vita havikubadilisha kitu. Melini Alby alilala pembeni kabisa, karibu na vyoo, kwa kuwa hakuna aliyekubali kutandika karibu naye. Ufaransa, ndani ya handaki, ilikuwa vivyo hivyo. Aliyemkalia kooni zaidi ni Ossie Crouch, kijana mfupi mwenye shingo nene, ambaye baba yake, mzee Barnaby, alikaa jela miezi sita wakati wa mgomo ule.

"Pascoe," Ossie alimwambia siku moja, "mbona umeweka chai yako karibu na yangu? Isogeze kabla haijaharibu ladha."

"Ni chai ya jeshi, Ossie. Imeharibika tangu tushuke bandari ya Marseille."

Tulicheka. Kisha tukakumbuka ni nani aliyetuchekesha, kila mtu akaangalia buti zake.

Julai ya mwaka uliofuata tulipelekwa Pozières. Sitaeleza mengi. Kilikuwa kijiji, na tulipofika hakikuwa na ukuta wa kumfikia mtu kiunoni. Tulitoka handakini asubuhi, jua likiwa limeshapanda, tukakimbia mbele kwenye udongo uliochimbuliwa na mizinga mpaka ukawa kama unga. Kipande cha chuma kiliniingia pajani. Nililala ndani ya shimo nikiwasikia wenzangu wakiwaita mama zao. Wabeba machela walikuja mara moja tu. Wote wanne waliuawa kabla hawajamfikia mtu yeyote, na hawakuja wengine.

Aliyekuja ni Alby. Hakuwa na machela. Alinishika chini ya makwapa, akanikalisha, akaegemeza mgongo wangu kwenye magoti yake, akaanza kurudi kinyumenyume. Ndivyo mkata manyoya anavyomtoa kondoo zizini kumpeleka mahali pake pa kazi: unamkalisha, unamwegemeza, unamburura kwa nyuma, na kondoo akishaona miguu yake haigusi chini hapigani tena. Kwa mtindo huo mtu mmoja anaweza kuvuta uzito mkubwa siku nzima. Lakini pale, mtu aliyekuwa akirudi kinyumenyume kuelekea handaki letu uso wake ulitazama bunduki za Wajerumani kila hatua.

Mimi nilipiga kelele na kurusha mguu mzima.

"Tulia, Merv," aliniambia, akihema. "Kondoo wenyewe wana akili kukushinda."

Siku ile aliwatoa watu kumi na mmoja. Mimi nilikuwa wa saba. Ossie Crouch, aliyepigwa risasi ya bega, alikuwa wa tisa. Alipozinduka kwenye hema la majeruhi aliuliza nani aliyemleta. Akaambiwa.

"Basi mngeniacha," alisema, akageukia upande wa turubai.

Alby alipewa nishani ya fedha yenye utepe wa rangi ya damu na mstari wa buluu katikati. Jenerali mwenyewe alimbandikia kifuani, mbele ya kikosi kizima. Nyuma yangu mtu alinong'ona, "Mfalme hakumuuliza kadi ya chama," na kicheko kikapita mstarini. Alby alikisikia. Jioni ile aliivua nishani, akaitia kwenye kopo lake la tumbaku, na sikuiona tena kifuani pake maisha yangu yote.

Tulirudi nyumbani mwaka wa kumi na tisa, watu kumi na saba. Mji ulisimamisha jiwe mbele ya posta likiwa na majina yetu sote, wafu na wazima, na jina la Alby lilipakwa dhahabu kwa sababu ya nishani. Siku ya kulifungua meya alimshika mkono na kumnunulia kinywaji mwenyewe. Siku ya pili yake Alby aliingia baa ile ile, na mwenye baa akawa anafuta bilauri moja muda wote mpaka Alby akatoka.

Jiwe halikumhusu. Alichokitaka kilikuwa Mulgarra. Ndani ya banda lile, kwenye mbao za ukuta nyuma ya kila nafasi ya kazi, mkata manyoya aliyemaliza msimu huandika jina lake na mwaka kwa rangi ile ile ya kuwekea kondoo alama. Huandiki kabla hujamaliza, na huandikiwi na mtu. Alby aliandika lake mwaka wa kumi na nne, nafasi ya sita, na hata waliomchukia hawakuligusa, maana alikata kondoo wake kihalali. Nililiona jina lile kila msimu, kwa kuwa mimi nilikuwa nafasi ya saba. Mwaka wa ishirini alirudi, wakamgeuzia sahani ya bati kifudifudi mezani, ishara kwamba hatakiwi, akaigeuza, akala. Mwaka wa ishirini na moja akarudi tena.

Agosti ya mwaka huo mvua ilinyesha siku mbili mfululizo. Ilipokatika, meneja wa shamba alikuja akashika manyoya ya kondoo mmoja, akasema wamekauka. Kwetu meneja anaweza kusema anavyopenda, maana si yeye anayeamua. Kila mkataji hukata kondoo wawili, akawasikiliza kwa mikono yake, kisha tunapiga kura. Manyoya yaliyolowa humwingia mtu mwilini. Anaota majipu, anashikwa na homa, mifupa inamuuma mpaka hawezi kushika kijiko. Kwa hiyo unaandika kwenye kipande cha karatasi "wamelowa" au "wakavu", unakikunja, unakitia ndani ya kopo. Wengi wakisema wamelowa, watu wanakaa kambini wakisubiri jua. Wengi wakisema wakavu, kila mtu anakata, na hakuna ruhusa ya kumuuliza mwenzako alivyoandika. Mtu akiuliza anafukuzwa bandani. Kanuni hiyo tuliipata kwa jasho, na mimi mwenyewe baadaye niliwafundisha vijana wengi.

Tulikuwa watu ishirini na watano. Niliketi benchi moja na Alby, si kwa kupenda, ila kwa mpangilio wa nafasi. Kondoo wangu wawili walikuwa wamelowa. Manyoya ya tumboni yalikuwa yakitoa maji nilipoyakamua.

Mfukoni nilikuwa na barua kutoka shule ya usiku ya wafanyakazi, huko jijini. Niliacha shule nikiwa na miaka kumi na mmoja, na nilikuwa nimejifunza peke yangu kwa magazeti yaliyofungiwa nyama. Walikuwa wamenikubali. Masomo yangeanza Jumatatu ya kwanza ya Septemba, na atakayechelewa angepoteza nafasi yake. Kama tungekaa kusubiri jua, nisingefika.

Niliandika "wakavu".

Nilipoinua macho, Alby alikuwa akinitazama mkono. Mara moja akageuza uso upande mwingine, kama mtu aliyemkuta mwenzake akioga.

Mwakilishi wetu wa chama, Tib Hanrahan, mrefu aliyepinda kama ndoano, alimwaga karatasi mezani akazihesabu mara mbili.

"Wamelowa, kumi na mbili. Wakavu, kumi na tatu."

"Mavi!" Ossie alipiga kofia yake chini. "Nani mwenye mikono ya mbao humu? Kondoo wanachuruzika!"

"Ossie, funga mdomo," Tib alisema. "Kura ni kura. Tunakata."

Tulikata. Siku ya tatu watu wanane walikuwa na majipu. Siku ya nne mzee Barnaby Crouch, mwenye miaka sitini na mitatu, mkubwa wetu sote, alishindwa kunyooka. Siku ya sita alikufa kitandani pake kambini, kifua kikimkoroma kama viriba vya mhunzi. Tulimzika Korrabin Jumatano, tukarudi Mulgarra saa za chai ya alasiri tukiwa bado na nguo za mazishi.

Sasa nisikilizwe vizuri. Pale mezani kila mtu alianza kuapa kwamba yeye aliandika "wamelowa". Mmoja aliapa kwa kaburi la mama yake, mwingine kwa watoto. Mimi niliapa pia, kwa sauti ya wastani. Nilihesabu viapo vile: ishirini na vitatu. Kama viapo vingekuwa kura, mzee Barnaby angekuwa hai na sote tungekuwa tumelala kambini tukicheza karata. Watu kumi na watatu walijua wanachokijua, na kila mmoja wao alikuwa anatafuta mahali pa kukitua.

Aliyekuwa hajaapa ni mmoja.

"Na wewe, mwana wa Josiah?" Ossie alisema. Macho yake yalikuwa mekundu. "Hatujakusikia."

Alby aliendelea kukoroga chai.

"Nasema na wewe, shujaa wa mfalme! Uliandika nini?"

"Kura ni siri, Ossie."

"Leo ndiyo unajua kanuni za chama?"

"Nimezijua siku zote. Nyinyi ndio mlionifundisha. Mlinifundisha kwa ngumi, lakini nilijifunza."

"Sema umeandika wamelowa. Neno moja tu. Sema, nami nitakuamini, naapa nitakuamini, leo nimemzika baba."

Alby aliinua macho yakapita mezani, mtu kwa mtu, yakafika kwangu. Hayakukaa. Kama yangekaa kwa muda wa kupumua mara moja, nadhani ningesema. Au labda najidanganya, na nimekuwa nikijidanganya hivyo kwa miaka arobaini na miwili.

"Nikisema mimi," Alby alisema, "itabidi aseme na huyu, na yule, mpaka abaki mmoja. Halafu mtamfanya nini huyo mmoja? Sisemi."

"Damu ni ile ile!" mtu mmoja alipiga kelele kutoka mwisho wa meza. "Baba aliuza mgomo, mtoto ameuza mzee!"

Ossie alikwenda akaichukua sahani ya Alby, yenye nyama ya kondoo na mkate, akaigeuza kifudifudi juu ya magoti yake. Alby alijifuta. Alifunga blanketi zake, akatia kopo la tumbaku mfukoni, akatoka kwa miguu kwenye barabara ya tope. Kutoka pale mpaka Korrabin ni maili ishirini na sita. Ossie alichukua kisu akalikwangua jina la nafasi ya sita mpaka mbao ikawa nyeupe. Mimi nilishika kopo la maji ya kulowesha rangi. Niliombwa nilishike, nikalishika.

Tib aliandika kwa chama, na chama kikamfutia Alby kadi. Habari zilifika kila banda kabla yake. Hakukata kondoo tena. Alitega sungura, akachimba mashimo ya nguzo za uzio, akaingia kwenye genge la kutengeneza reli, na huko ndiko alikodumu. Alioa mjane aliyekuwa mpishi wa genge, wakapata binti.

Mimi nilifika jijini Jumapili, nikakaa darasani Jumatatu. Nilisoma miaka mitano usiku huku nikipakia magunia mchana. Nilijifunza kuandika, hesabu, na sheria za kazi. Nikawa karani wa chama, kisha katibu wa tawi la Korrabin, na kila nilichonacho, pamoja na mwandiko huu, kilitoka kwenye Jumatatu ile. Nimesimama majukwaani nikahutubia juu ya uaminifu wa mfanyakazi kwa mwenzake, nikapigiwa makofi.

Nilimwona Alby mara moja tu, mwaka wa thelathini na nane. Treni yangu ilisimama porini kupisha nyingine, nikafungua dirisha, na chini yangu kulikuwa na genge limeegemea sururu. Mmoja wao alivua kofia.

"Umenenepa, Merv."

"Na wewe umekonda, Alby."

"Jua la hapa." Alitabasamu kwa pengo lake. "Ile shule ulimaliza?"

Sikuwahi kumwambia mtu yeyote Mulgarra habari za shule ile. Ila barua ilikuwa na muhuri mkubwa, na yeye aliketi benchi moja nami.

"Nilimaliza," nilisema.

"Vizuri. Ingekuwa hasara."

Treni iliondoka. Nilifunga dirisha, na kwa safari yote nilimchukia kuliko nilivyowahi kumchukia.

Mwaka huu banda la Mulgarra linafanyiwa sherehe. Halitumiki tena, na chama kimeamua kupaka upya majina yote ya ukutani kabla ya wageni kuja. Kamati ni wazee watano. Ossie Crouch ni mwenyekiti, Tib Hanrahan yumo, na mimi ni katibu kwa sababu ya mwandiko. Wiki iliyopita ilitujia barua ya mwanamke aitwaye Ivy Lorimer. Niliisoma mbele ya kikao. Aliandika kwamba baba yake, Albert Pascoe, yuko hospitali ya wanajeshi wa zamani na mapafu yake yamebakiza wiki chache. Mji umetaka kumpelekea bendera na mpiga picha, naye amewakatalia. Ameomba jambo moja tu. Anauliza kama jina lake la mwaka wa kumi na nne litarudishwa, nafasi ya sita.

"La hasha," Ossie alisema.

"Amekula chumvi nyingi, Ossie," Tib alisema, akitazama kikombe chake. "Anakufa."

"Baba yangu naye alikufa. Merv, mwandikie huyo mama. Weka yale maneno yako ya shule. Mwambie kamati inasikitika, ukuta hauna nafasi, sijui nini. Wewe unajua kupamba."

Nilifungua kalamu. Niliandika tarehe. Kisha nikaiweka kalamu mezani.

"Mimi niliandika wakavu," nilisema.

"Uliandika nini wapi?"

"Mwaka wa ishirini na moja. Kondoo wangu walikuwa wanachuruzika nikaandika wakavu, niwahi shule. Alby aliniona. Alijua siku ile ile, na hakusema."

Ossie hakunyanyuka. Nilitegemea angenipiga, na nilikuwa nimevua miwani.

"Arobaini na miwili," alisema polepole. "Umekula kwangu Krismasi. Umesoma risala kwenye harusi ya binti yangu."

"Ndiyo."

"Umeshika kopo la maji."

"Nilishika. Lakini kura zilikuwa kumi na tatu, Ossie. Yangu ni moja."

Niliwatazama wengine. Tib alikuwa bado anatazama ndani ya kikombe chake. Wa kando yake alijikuna shingo. Nilisubiri, na hakuna mwingine aliyetaja kura yake.

"Basi na jina lako linatoka," Ossie alisema. "Lote. Kila mwaka ulioandika, linakwanguliwa."

"Sawa. Na la Alby linarudi."

"Unanipangia masharti, mbwa wewe?"

"Sikupangii. Hukulikwangua jina lake kwa ajili ya Josiah. Ulilikwangua kwa ajili ya kura yangu. Anakudai jina ukutani, nami nimeshakupa langu. Na alikuburura kinyumenyume, Ossie. Ulikuwa wa tisa. Mimi nilikuwa nimelala juu ya ukingo, nilimwona alivyokuja nawe. Alikuwa akikuimbia, na sauti hana."

Ossie alichukua kikombe changu cha chai, kikiwa kimejaa, akakigeuza kifudifudi juu ya karatasi zangu.

"Andika kwamba litarudi," alisema. "Halafu toka. Na usinisalimie njiani."

Karatasi zilikuwa zimelowa chai, kwa hiyo barua niliiandika nyumbani. Niliandika mara tatu. Mara ya kwanza yalikuja maneno ya shule, nikaichana. Mara ya pili niliomba msamaha, nikaona namtwika mgonjwa mzigo mwingine, nikaichana pia. Mara ya tatu niliandika hivi:

"Bibi Lorimer, msomee baba yako. Jina lake linapakwa Jumamosi, nafasi ya sita, mwaka wa kumi na nne, na nitasimama pale mpaka rangi ikauke. Kamati imeambiwa nani aliandika wakavu. Imeambiwa na mwenyewe. Mwambie shule haikuwa hasara, lakini bei yake aliilipa yeye. Mervyn Gaskin, nafasi ya saba, zamani."

Niliikunja mara mbili. Nililamba gundi ya bahasha, nikaibana kwa ngumi juu ya meza mpaka niliporidhika. Nikavaa koti na kutembea hadi posta. Ossie alikuwa amekaa barazani kwake. Aliponiona alinyanyuka, akakigeuza kiti chake kikaangalia ukuta, akaketi tena. Nilipita jiwe lenye dhahabu, nikafika kwenye sanduku la barua, nikaisukuma bahasha mpaka vidole vyangu vikaingia ndani, nikaiachia.